Nani Amlipe Mpiga Mbiu? Historia ya Fedha za Vyama Vidogo vya Kukuza Utalii, Kutoka Gérardmer (1875) hadi Nairobi (1965)

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa mara kwa mara kila panapozungumzwa faida za utalii, nayo ni kweli: mgeni hula, hulala, hupanda gari, hununua vikapu na vinyago, na fedha anazoziacha huenea katika nyumba nyingi. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi ni nani anayekwenda kumwita mgeni huyo, wala ni nani anayemlipa mpiga mbiu anayetangaza uzuri wa mji. Tangu robo ya mwisho ya karne ya 19, kazi hiyo imefanywa katika miji mingi midogo na vyama visivyotafuta faida, vyenye ofisi ya chumba kimoja, mwandishi mmoja na wajumbe wanaojitolea.

Historia ya utalii imeandikwa zaidi kwa upande wa hoteli, reli, ndege na hifadhi za wanyama. Vyama hivyo vidogo vimeachwa pembeni, na daftari zao za fedha zimeachwa pembeni zaidi. Makala haya yanakusudia kuzifungua daftari hizo kwa kuuliza maswali mawili tu: fedha ziliingia kutoka mfuko wa nani, na mwenye mfuko alidai nini? Hoja inayotetewa ni kwamba chanzo cha fedha, kuliko katiba iliyoandikwa, ndicho kilichoamua chama kilikuwa cha nani. Mfano wa kwanza unatoka Ufaransa, ambako aina hii ya chama ilipata jina na sheria zake. Mfano wa pili unatoka Afrika Mashariki, ambako swali lilelile liliulizwa, si baina ya wenye hoteli wa mji mmoja, bali baina ya nchi nzima. Mwishoni yanaelezwa yanayoihusu Kongo, ambayo sheria yake ya vyama visivyo na lengo la faida ina asili ya Ubelgiji.

1. Chama kisicho na kitu cha kuuza

Mwaka 1875, katika Gérardmer, mji mdogo ulio kando ya ziwa kwenye milima ya Vosges, wenyeji waliunda kamati ya matembezi iliyojulikana kwa Kifaransa kama Comité des promenades. Lengo lilikuwa kuutengeneza mji na njia zake ili mgeni apende kukaa. Miaka 14 baadaye, mwaka 1889, mji wa Grenoble ulio chini ya milima ya Alpi ulianzisha chama cha kwanza kuitwa syndicat d'initiative. Jina hilo lilienea Ufaransa nzima, na kwa muda wa karne moja likawa ndilo jina la kawaida la ofisi inayompokea mgeni na kumwelekeza.

Ni vema kukumbuka hali ya sheria ya wakati ule. Kifungu cha 291 cha sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1810 kilikuwa kinawakataza watu zaidi ya 20 kujiunga pamoja bila ruhusa ya serikali. Vyama vya kazi vilikuwa vimefunguliwa mlango na sheria ya mwaka 1884, lakini vyama vingine vilisubiri hadi sheria ya tarehe 1 Julai 1901. Sheria hiyo ilikieleza chama kuwa ni mapatano ya watu wawili au zaidi wanaochanganya maarifa au juhudi zao kwa lengo lisilokuwa la kugawana faida. Nayo ilitaja waziwazi mali ambazo chama kilichojiandikisha kinaweza kumiliki, mbali na ruzuku za serikali kuu, za majimbo na za miji: michango ya wanachama, nyumba ya ofisi na ya mikutano, na majengo mengine yaliyo ya lazima kabisa kwa kazi yake. Mwanachama aliyetaka kulipa mchango wake wa maisha kwa mara moja hakuruhusiwa kuzidisha franka 500. Mtunga sheria aliogopa vyama kulimbikiza mali. Kwa hiyo alivifungia njia ya utajiri tangu siku ya kuzaliwa.

Lakini ugumu mkubwa wa chama cha utalii haukutokana na sheria. Ulitokana na kazi yenyewe. Chama kilichapa vijitabu, kilibandika matangazo, kilisimika vibao njiani, kilijibu barua za wageni. Kazi hizo hazikuuzwa. Au kama ziliuzwa, bei haikufikia gharama. Mgeni aliyevutwa na kijitabu alilala katika hoteli aliyoitaka, alinunua mkate kwa mwokaji ambaye hakuwa mwanachama, alibebwa na mwenye gari ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja. Gharama ilikuwa ya wachache, manufaa yakawa ya wote.

Tofauti hii inaonekana wazi chama kikilinganishwa na kampuni ya Michelin, iliyoanzishwa Clermont-Ferrand mwaka huohuo wa 1889. Kampuni hiyo ilitoa kitabu chake cha kuwaongoza wasafiri mwaka 1900, ikakigawa bure hadi mwaka 1920. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu kila msafiri aliyeendesha gari kwa safari ndefu alichakaza matairi, na matairi ndiyo bidhaa yake. Chama cha Grenoble nacho kilimwita msafiri, lakini hakikuwa na tairi la kumwuzia.

2. Mfuko wa wanachama na mfuko wa mkubwa

Chanzo cha kwanza cha fedha kilikuwa ada. Wenye hoteli, wafanyabiashara, mawakili, madaktari na wapenzi wa milima walitoa mchango wa kila mwaka. Ada hiyo ililazimika kuwa ndogo ili wengi wajiunge, na kwa kuwa ilikuwa ndogo haikutosha. Kuipandisha kulimaanisha kuwafukuza wadogo. Kuiacha kulimaanisha kukiacha chama na ofisi isiyo na mtu wa kuifungua.

Mwanauchumi wa Marekani, Mancur Olson, aliieleza hali hii kwa jumla katika kitabu chake kuhusu mantiki ya utendaji wa pamoja, kilichotoka mwaka 1965. Alionyesha kwamba katika kundi kubwa, mtu mwenye kupima faida yake hana sababu ya kuchangia kitu ambacho atakipata hata asipochangia, isipokuwa alazimishwe au apewe zawadi ya pekee. Aliongeza kwamba pale ambapo mwanachama mmoja ni mkubwa mno kuliko wenzake, mara nyingi yeye hubeba mzigo na wadogo humwegemea.

Vyama vya utalii vilikuwa vimeyajua hayo kwa uzoefu kabla hayajaandikwa. Zawadi ya pekee ilipatikana katika kijitabu: aliyelipa ada alitajwa jina la hoteli yake, na aliyelipa zaidi alipata ukurasa wa tangazo. Hivyo kitu kisichoweza kuuzwa kwa mgeni kiliuzwa kwa mwenyeji. Ama mwanachama mkubwa, katika Ufaransa ya wakati ule alikuwa kampuni ya reli. Reli iliuza tikiti bila kujali mgeni atalala wapi. Ongezeko lolote la wageni lilikuwa ongezeko lake. Kwa hiyo kampuni kama ile ya Paris-Lyon-Méditerranée ilikuwa na sababu zake yenyewe za kugharamia mabango ya milima na ya pwani.

Ila kila msaada ulikuja na mwelekeo wake. Chama kilichotegemea matangazo ya hoteli kilishindwa kumwambia mgeni ukweli juu ya hoteli mbaya. Chama kilichotegemea reli kilisifu mabonde yaliyofikiwa na reli, na mabonde mengine yakanyamaza. Hapakuwa na wizi wala hila katika jambo hili. Daftari la mapato lilikuwa linaongea kwa sauti ya chini kuliko katiba, lakini bila kupumzika.

3. Mfuko wa mgeni

Suluhisho jipya lilikuja kwa sheria ya tarehe 13 Aprili 1910. Miji yenye maji ya tiba au hewa njema iliweza kutambuliwa rasmi na kutoza ushuru wa malazi: mgeni alilipa kiasi kidogo kwa kila siku aliyokaa, mwenye nyumba akakikusanya na kukifikisha kwenye hazina ya mji. Sheria ya tarehe 24 Septemba 1919 iliupanua utaratibu huo hadi kwenye miji ya utalii. Kwa hesabu, jambo lilikuwa zuri. Hakuna tena mwenyeji aliyekwepa, kwa kuwa aliyelipa si mwenyeji. Wala mgeni hakulalamika sana, kwa kuwa kiasi kilikuwa kidogo na aliyekipanga hakuwa anahitaji kura yake.

Lakini fedha hizo hazikuingia katika sanduku la chama. Ziliingia katika hazina ya mji, na sheria ya mwaka 1910 ilizielekeza kwenye matibabu ya maskini, usafi na kuupamba mji. Chama kilichomwita mgeni kwa miaka 20 kikaona ushuru wa mgeni huyo unapita mbele ya mlango wake kwenda kwa meya, nacho kikalazimika kwenda kuomba ruzuku kutoka fungu ambalo kilisaidia kulijaza. Kuanzia hapo, rafiki wa meya alipata ruzuku na mpinzani wake aliisubiri.

Upungufu mwingine ulikuwa ndani ya ushuru wenyewe. Kwanza, aliyekusanya ndiye aliyehesabu: mwenye hoteli aliyeficha wageni alijiepusha na usumbufu wa kutoza. Pili, ushuru ulifuata idadi ya wageni, ukapanda walipokuja na kushuka walipopotea. Vita vya 1914 hadi 1918 vilionyesha hatari hiyo mapema, na mwaka 2020 uliithibitisha dunia nzima, pale ugonjwa wa UVIKO-19 ulipopunguza safari za kimataifa kwa zaidi ya asilimia 70. Chanzo kinachotegemea mgeni hukauka wakati uleule ambapo mgeni anahitaji kuitwa upya.

Mwendo uliofuata ulikuwa wa upande mmoja. Sheria ya tarehe 10 Julai 1964 iliiruhusu miji iliyotambuliwa kuunda ofisi ya utalii iliyo taasisi ya umma, yenye bajeti yake. Sheria ya tarehe 23 Desemba 1992 iliipa halmashauri ya mji uwezo wa kuamua ni chombo gani kitafanya kazi ya kupokea wageni, kuwapa habari na kuutangaza mji. Sheria ya tarehe 7 Agosti 2015 iliihamisha kazi ya kuutangaza utalii kutoka mji mmoja mmoja kwenda kwenye jumuiya za miji, kuanzia Januari 2017. Kila hatua ilileta fedha zenye uhakika zaidi, na kila hatua ilimsogeza pembeni yule mwenye duka aliyekuwa mwenyekiti wa chama kwa kupenda mji wake. Chama kilipata mshahara wa watumishi, kikapoteza wanachama.

Wala ukubwa haukuwa kinga. Touring Club de France, chama mashuhuri cha wasafiri kilichoundwa mwaka 1890 na kilichoishi kwa ada za wanachama wengi sana, kilivunjika mwaka 1983. Ada pekee, hata zikiwa nyingi, hazikuweza kukilinda chama dhidi ya mabadiliko ya nyakati.

4. Swali lilelile baina ya nchi: Nairobi, 1948–1965

Katika Afrika Mashariki swali la Grenoble liliulizwa kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1948 ilianzishwa mjini Nairobi East Africa Tourist Travel Association, yaani Jumuiya ya Usafiri wa Watalii ya Afrika Mashariki. Haikuwa wizara wala kampuni. Iliishi kwa ruzuku za serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, pamoja na michango ya wanachama binafsi wenye biashara za hoteli na usafiri. Kazi yake ilikuwa kuutangaza ukanda wote kama nchi moja ya kutembelewa.

Wakati ulikuwa mwafaka. Hifadhi ya Nairobi ilikuwa imefunguliwa mwaka 1946, Tsavo ikafuata mwaka 1948, Serengeti mwaka 1951, na huko Uganda hifadhi za Queen Elizabeth na Murchison Falls mwaka 1952. Upande wa pili wa mpaka wa Uganda ilikuwako tayari hifadhi ya Albert ya Kongo, iliyoundwa tarehe 21 Aprili 1925 na ambayo leo inaitwa Virunga. Ndege zilizidi kufupisha safari kutoka Ulaya. Mpiga mbiu alikuwa na habari njema ya kutangaza.

Tatizo lilikuwa mlango. Tangazo lilisema Afrika Mashariki, lakini wengi wa wageni walishukia Nairobi au Mombasa. Huko ndiko walikokodi gari, walikolala usiku wa kwanza na wa mwisho, walikonunua filamu za kamera na zawadi za nyumbani. Serengeti na Ngorongoro zilikuwa Tanganyika, lakini safari ya kuzitazama iliweza kununuliwa Nairobi na kumalizikia Nairobi. Kwa lugha ya sehemu ya kwanza ya makala haya, Kenya ilikuwa mwenye hoteli karibu na kituo cha reli, na Tanganyika ilikuwa mwenye mlima ambao mgeni amekuja kuuona.

Je, ruzuku igawanywe vipi? Ikiwa kila nchi italipa sawa, mwenye faida ndogo ananung'unika. Ikiwa kila moja italipa kwa kadiri ya wageni wake, mgeni aliyeshukia nchi moja na kutembelea tatu ahesabiwe wapi? Ikiwa hesabu ni usiku wa kulala, aliye na hoteli nyingi atalipa zaidi na kwa haki atadai sauti kubwa zaidi. Kila kipimo kilikuwa na mwenye kukipenda, na kila kimoja kiliamua jambo kubwa kuliko fedha: jumuiya ni ya nani.

Wakati wa utawala wa Waingereza, maswali hayo yaliweza kusuluhishwa ofisini, kwa kuwa serikali zote zilikuwa na bwana mmoja. Uhuru uliyatoa nje. Tanganyika, iliyopata uhuru mwezi Desemba 1961, iliunda bodi yake ya taifa ya utalii mwaka 1962, na kuanzia hapo ilikuwa na mpiga mbiu wake yenyewe. Jumuiya ya Nairobi ilifika mwisho wake mwaka 1965, ikiwa na umri wa miaka 17. Si haki kusema kwamba fedha peke yake ndizo zilizoiua. Kila taifa changa lilitaka kujitangaza kwa jina lake na bendera yake. Hata hivyo, jumuiya ambayo kila mwaka inategemea hazina nne kukubaliana huwa haina nguvu ya kusimama hazina moja inapojitoa.

Mgogoro haukuzikwa pamoja na jumuiya. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971 ili mgeni aweze kushuka karibu na hifadhi za kaskazini ya Tanzania bila kupitia Nairobi. Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii yaliyotoka Kenya yakazuiliwa. Mpaka huo haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Swali la mgeni anayelala kwa mmoja na kutazama kwa mwingine, ambalo halikupata jibu katika daftari za chama kidogo, lilikuwa limehamia kwenye vituo vya forodha.

5. Lango na mbiu: maana yake kwa Kongo

Nchini Kongo vyama vya namna hii huchukua sura ya kisheria inayojulikana na wengi kwa herufi zake, ASBL. Asili yake ni sheria ya Ubelgiji ya tarehe 27 Juni 1921, na maelezo yake ya msingi yanaonekana tena katika sheria ya Kongo nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: chama kisichojishughulisha na biashara wala viwanda, na kisichotafuta kuwapatia wanachama wake faida ya mali.

Chama cha kukuza utalii kinakaa mahali pagumu ndani ya maelezo hayo. Wanachama wake wengi hujiunga kwa sababu wanatazamia faida: mwenye hoteli anataka vyumba vijae. Faida hiyo haitoki katika sanduku la chama, hutoka kwa mgeni. Hivyo sheria haivunjwi. Lakini ni lazima mpaka huo uonekane katika hesabu. Siku ambayo chama kinapeleka wageni kwenye hoteli ya mwenyekiti pekee, kimekuwa biashara, hata kama mizania yake inaonyesha sifuri. Na kinyume chake, kutotafuta faida si kukosa fedha. Sheria inakataza kugawana ziada. Haikatazi kuwa na ziada ya kukivusha chama katika mwaka usio na wageni.

Hapa inafaa kukitofautisha chama na hifadhi ya taifa. Hifadhi ina lango. Mgeni anayetaka kuwaona sokwe wa milimani hulipia kibali kabla ya kupanda, na asiyelipa hapandi. Lango hilo nalo laweza kufungwa, kama Virunga ilivyofungwa kwa watalii mwezi Machi 2020. Lakini likiwa wazi, anayenufaika ndiye anayelipa. Mbiu haina lango. Aliyeisikia ameisikia, na aliyepata mgeni kwa mbiu hiyo hakuna wa kumdai. Serikali zimejaribu kuiwekea mbiu lango kwa njia ya tozo. Kenya, kwa mfano, iliweka tozo ya asilimia 2 kwenye mauzo ya hoteli na mikahawa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa fedha hizo kikajengwa chuo cha Utalii kilichofunguliwa mwaka 1975. Tozo hiyo ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa na nguvu ya sheria na lengo lililoonekana kwa macho: mwenye hoteli aliyelipa alipata wapishi na wahudumu waliofunzwa.

Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha mifuko mitatu. Mfuko wa wanachama ni huru, lakini ni mwepesi, na aliye mkubwa ndani yake huongoza njia. Mfuko wa serikali ni mzito, lakini hufunguliwa na kufungwa kwa sababu zisizo za utalii. Mfuko wa mgeni ni wa haki kuliko yote, lakini hupita kwanza mikononi mwa mtawala, na hukauka panapotokea vita au maradhi. Vyama vilivyodumu vilichanganya yote mitatu. Vyama vilivyotegemea mmoja viliufuata mfuko huo popote ulipokwenda, hata kaburini.

Kwa wale wanaounda vyama kama hivyo leo Goma, Bukavu au Lubumbashi, mifano hiyo ina mambo matatu ya kufundisha. Kipimo cha kugawana gharama kikubaliwe kabla wageni hawajafika, kwa maana wakishafika kila mmoja hutetea kipimo kinachompendelea. Hesabu zisomwe mbele ya wote, wakiwemo wasiolipa, kwa kuwa asiyelipa leo hushawishika zaidi na hesabu zilizo wazi kuliko na hotuba. Na akiba iwekwe katika miaka ya neema, kwa ajili ya miaka ambayo njia hufungwa.

Methali ya wahenga humtaja mwenyeji kana kwamba ni mtu mmoja, mwenye nyumba moja na jungu moja. Katika mji wa utalii wenyeji ni wengi, na kila mmoja hutamani mwenzake amlipe mpiga mbiu. Kutoka Gérardmer hadi Nairobi, kazi ngumu ya vyama hivi haikuwa kumwita mgeni. Ilikuwa kuwafanya wenyeji wengi wakubali kuwa mwenyeji mmoja, angalau siku ya kutoa mchango.